Mluzi wa Jicho

Kaka yangu alikuwa mtu wa mashine. Kwa miaka ishirini na sita alionyesha filamu katika sinema moja tu, ile yenye ngazi ya chuma upande wa nyuma, na watu waliokaa chini kwenye viti hawakuwa na habari na uso wake. Walimjua kwa jina la Jicho. Mkanda ukikatika walipiga sakafu kwa miguu na kufoka, "Jicho! Umelala? Fumbua hilo lililobaki!" Naye kule juu alikuwa ameshaunga mkanda na kuwasha taa kabla hawajafika kwenye matusi ya mama.

Jicho la kushoto lilikwenda na balbu. Balbu ya mashine kubwa hujazwa gesi, na ukiigusa kabla haijapoa hupasuka kama bomu. Kuna kinyago maalumu cha kuvaa wakati wa kuibadilisha. Siku hiyo ukumbi ulijaa, Bosi mwenye sinema alikuwa chini ya ngazi anaita, "Haraka, haraka," na kaka akaingiza mkono kinyago kikiwa bado kimening'inia kwenye msumari. Mimi ndiye niliyemshusha zile ngazi. Wiki ya tatu alirudi kazini na kiraka cheusi usoni, akakiangalia kile kinyago, akakipangusa vumbi, akakirudisha pale pale.

Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mikebe ya filamu na kurudisha mikanda nyuma baada ya onyesho. Waliniita Bubu. Sikuchukia. Chumba cha mashine kina kelele, na mtu asiyependa kuzungumza hukaa vizuri ndani yake.

Filamu zilizojaza ukumbi zaidi ya zote zilikuwa picha za anga. Vyombo vinavyoruka baina ya nyota, wafalme wenye kofia za chuma, silaha za miale. Kila picha ya namna hiyo ilipokuja, mwalimu wa piano aliyeishi ghorofa ya mbele alikata tiketi, akaketi mstari wa mwisho na kufumba macho mpaka mwisho. Tulimchungulia kupitia dirisha dogo la mashine na kucheka. Siku moja alipanda ngazi yetu akihema, akasema spika ya kushoto inakwaruza.

"Mama, wewe si huwa unalala tu mle ndani?" kaka alimwambia.

"Silali. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini, nao wanapigana tu?"

"Kila mtu mle ana kiwimbo chake," alisema mwalimu. "Mfalme akitokea, tarumbeta zinapiga kiwimbo cha mfalme. Akitajwa tu naye hayupo, kinapigwa polepole, ujue yuko moyoni mwa mtu. Akifa, siku mwanawe akikamata upanga wake, kinarudi. Umeonyesha picha hizi miaka yote na hujasikia?"

Kaka akamvutia mwalimu kiti changu.

Kuanzia hapo mwalimu alikuwa anapanda kila baada ya onyesho la mchana. Alitueleza kwamba mtindo ule watu wa filamu waliurithi kutoka kwenye opera, michezo ya kuimba ambayo mingine huchukua siku nne kumalizika, na kwamba visa vyenyewe ni vya kale zaidi, vya miungu waliosimuliwa na watu wa kaskazini kwenye theluji. Mbwa mwitu atakayemeza jua. Daraja la upinde wa mvua kutoka duniani kwenda kwenye kasri ya juu. Vita ya mwisho ambamo miungu wenyewe wanakufa na mbingu inaungua. "Sasa toa farasi, weka chombo cha anga," alisema. "Toa mkuki, weka mwale. Mengine yote yamebaki vilevile."

Akasimulia pia kuhusu mfalme wa miungu hao, aliyeng'oa jicho lake na kulitumbukiza kisimani ili apewe busara.

Kaka alicheka mpaka akashika mashine. "Basi mimi niliibiwa. Langu lilikwenda na sikupewa hata akili ya kuchagua viatu."

Mwalimu alipohama alimwachia kaka gramafoni na santuri kumi na nne za opera. Kaka alizisikiliza asubuhi kabla ya kazi, mwanzo hadi mwisho, haelewi hata neno moja, lakini anajua ni nani anaingia na nani anatoka. Halafu akaanza kutugawia viwimbo. Kila mmoja wetu alipigiwa mluzi wake. Bosi alikuwa na mluzi mzito wa hatua za jitu, dum, dum, dum. Mimi nilipewa mluzi wa chini unaonyata kama mtu anayepita msibani na viatu vipya. Na binti yake alipewa mluzi uliopanda kwa kuruka, kama farasi anayekwea mlima bila kuchoka. Yeyote akikanyaga ngazi za chuma, kaka alimtambua kwa mguu na kumpigia wake kabla mlango haujafunguka.

Huyo binti alikuwa mtoto wake wa pekee. Shemeji yangu alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, na tangu hapo alilelewa mle juu, akilala juu ya magunia ya mikanda mibovu huku mashine ikinguruma. Alipokuwa mkubwa Bosi alimpa kazi ya dirisha la tiketi, na watu wakamwita Tiketi. Alikuwa na ulimi mwepesi. Mtu akimwambia, "Tiketi, nipe kiti kizuri," humjibu, "Viti ni vizuri vyote, anayeharibu ni mkaaji."

Filamu zilitufikia baada ya kuzunguka miji mingi, mikebe imebonyea, karatasi za namba zimebanduka. Picha moja ni mikebe sita au saba, na ukikosea mpangilio marehemu anatembea kabla hajafufuka. Kaka aliipanga kwa kusikiliza viwimbo. Siku moja tulipokea picha ya anga yenye mikebe saba isiyo na namba hata moja. Kaka alijaribu mkanda mmoja, akausikiliza, akaandika nne. Tiketi alikuwa mlangoni anakunywa chai.

"Baba, huo si wa nne. Ni wa saba."

"Nani kakwambia?"

"Sikiliza. Kiwimbo cha yule mzee kinapigwa, lakini mzee hayupo, yupo kijana peke yake. Mzee keshakufa hapo. Kijana amerithi kiti."

Kaka aliurudia mkanda mara mbili. Akafuta nne, akaandika saba. Hakumwambia mtoto neno. Lakini wiki ile yote hakuna asiyesimuliwa, kuanzia muuza mikate mpaka askari wa zamu: "Binti yangu ana sikio, si masihara. Amenishinda mimi." Wote walijua isipokuwa Tiketi.

Santuri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile yenye kisa cha mfalme wa jicho moja na binti yake. Mfalme anataka kijana fulani aokoke vitani, lakini amefungwa na mikataba aliyoichonga kwenye mkuki wake, basi anaamuru kijana aachwe afe. Binti, anayeujua moyo wa baba yake, anavunja amri na kujaribu kumwokoa. Mfalme anamwadhibu. Anamlaza usingizi juu ya mwamba na kumzungushia moto. Anapomuaga anaimba muda mrefu sana, na kila wimbo ulipofika hapo kaka alijifanya anapangusa lenzi.

Kisha watu waliacha kuja. Kila nyumba ilikuwa na filamu zake ndani, na Bosi akatangaza kwamba anafunga. Mashine, alisema, ameiuza kwa sinema ya mji mwingine, itaendelea na kazi. Akamletea kaka karatasi ya kuthibitisha kwamba mashine ni kamili na haina upungufu wa kifaa chochote. Kaka alivaa miwani, akaisoma, akatia saini. Alijivunia sana saini ile, yenye mkia mrefu kama wa karani wa mahakama.

Siku moja kabla ya kuchukuliwa mashine, mchana, baada ya onyesho lililokuwa na watu kumi na mmoja, tulikuwa watatu mle juu. Mimi narudisha mkanda. Tiketi ameketi juu ya mkebe anashona kifungo cha shati la baba yake. Kaka aliweka kiganja juu ya mashine, bado ina joto.

"Laiti lenzi ingepotea," alisema. "Mashine bila lenzi ni sanduku la bati. Wangeiacha hapa hapa nami ningekaa nayo."

Tiketi alikata uzi kwa meno.

Kesho yake wapagazi wanne walipanda na kamba. Bosi alikuja nyuma yao na ile karatasi. Akachungulia mbele ya mashine, akaona tundu.

"Lenzi iko wapi?"

Kaka aliangalia tundu, kisha akamwangalia binti yake. Alijua. Hata mimi nilijua.

"Jicho, nakuuliza wewe. Hii saini si yako?"

"Ni yangu."

"Basi lenzi?"

"Baba, mwambie," alisema Tiketi.

"Nimwambie nini?"

"Ulichosema jana."

Wapagazi walikuwa wamesimama na kamba mabegani. Bosi alianza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekamata mwizi bila kutoka jasho. Kaka akanyoosha shingo. "Mimi sikusema kitu," alisema. Halafu akanigeukia mimi. "Bubu, wewe ulikuwepo. Jana nilisema kitu?"

Wote waliniangalia. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, mtu mzima mwenye ndevu. Nilihisi ulimi umekuwa kama soksi. Nikasema, "Kulikuwa na kelele za mashine. Sikusikia vizuri."

Mashine ilikuwa imezimwa jana ile aliposema. Sote watatu tulijua.

Tiketi hakulia. Alifungua mfuko wake wa chakula, akatoa lenzi iliyofungwa kwa kitambaa safi, akaikabidhi kwa Bosi kwa mikono miwili. Bosi akasema, "Mzee, umefuga mwizi." Na kaka, mbele ya wapagazi, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Mimi mtoto mwizi sina. Kwangu asirudi."

Tiketi alipomaliza kushuka ngazi, hakuna mluzi uliopigwa.

Wiki ya tatu nilipita karibu na yadi ya vyuma chakavu nikaiona mashine yetu. Ilikuwa imekatwa vipande viwili kwa moto. Haikwenda sinema yoyote, iliuzwa kwa kilo. Lenzi ilikuwa bado iko mahali pake, imepasuka katikati, na jamaa mmoja alikuwa ameiegeshea chupa yake ya maji. Nilimweleza kaka. Aliinuka, akaweka santuri, akageuzia kiti ukutani. Tangu hapo hatukuizungumzia tena.

Imepita miaka kumi na mitano. Tiketi yuko mji mwingine, anaendesha mashine ya kufulia shuka katika hospitali. Hajaolewa, au ameolewa bila kuniambia. Ananipigia simu Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, saa kumi jioni, na baada ya salamu huuliza lile lile: "Baba mdogo, ameniuliza?" Nami hujibu lile lile: "Bado, mwanangu." Na haikuwa uongo. Kaka hakuwahi kumtaja. Lakini kila siku ya simu hiyo alikuwa anakuja kukaa kwangu tangu saa tisa, anasoma gazeti lile lile, na simu ikilia anakwenda uani.

Mwezi uliopita tulikuwa kwa kinyozi. Kaka ameketi kitini na povu usoni, shavu moja limenyolewa. Kwenye televisheni ilikuwa inaonyeshwa picha ya anga, mpya, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Akatokea nahodha mzee wa chombo kikubwa, ameshika fimbo ya miale.

"Mzee Jicho," kinyozi alitania, "usiniambie na huyu katoka kwenye barafu yako."

"Huyo ndiye mwenyewe. Tazama mkuki."

"Mkuki gani, mzee? Ile si bunduki?"

"Bunduki, mkuki, ni yale yale. Wamembadilishia nguo tu. Subiri, utasikia kiwimbo chake."

"Mzee, tuachie tutazame," alilalamika mteja wa kiti cha pili.

"Mwache," kinyozi alisema. "Yeye ndiye aliyewazaa hao wote."

Tukacheka. Kisha ikaja sehemu ambayo nahodha anamweka binti yake ndani ya jeneza la kioo, msichana amelazwa usingizi, na anaamuru lizungushiwe gesi inayowaka. Muziki ulishuka. Hata mimi niliutambua, si wimbo ule ule wa santuri, lakini ni ndugu wa tumbo moja.

"Kosa lake nini huyu dada?" aliuliza mteja.

"Si amevunja amri ya baba yake," kinyozi alimjibu.

"Hakuvunja," kaka alisema. Wembe ulikuwa karibu na koo lake lakini alisema. "Alifanya alichokitaka baba yake. Baba mwenyewe ndiye aliyeogopa. Alikuwa ametia saini."

"Saini ipi tena, mzee? Mbona hatukuiona?"

Kaka alivua taulo shingoni, akatoka nje na shavu moja lina povu. Nilimlipia na kumfuata. Nilimkuta amesimama kivulini kwenye ukuta wa duka la rangi.

"Kaka."

"Nini?"

"Siku ile ulisema. Kuhusu lenzi. Nilisikia."

Alijifuta povu kwa mkono wa shati. "Najua nilisema. Ulidhani nimesahau?"

"Basi kwa nini uliniuliza mbele ya watu?"

"Nilitaka mtu mmoja tu aseme kwamba nilisema. Nisingekataa, Bubu. Nakuapia, ungesema ndiyo, ningekubali pale pale."

Sijui kama ni kweli. Nimeifikiria mara nyingi tangu siku hiyo na sijui. Labda ni kweli. Labda ni mzigo alioubeba miaka kumi na mitano akitafuta bega la kuutua.

Jumapili ya mwisho ya mwezi alikuja saa tisa kama kawaida. Saa kumi simu ilipolia aliinuka aende uani, nikamshika mkono. Nilifungua sauti kubwa na kuweka simu mezani mbele yake.

"Shikamoo, baba mdogo," ilisema simu.

Nilinyamaza kwa makusudi.

"Baba mdogo? Mbona kimya? Umeanza aibu zako hata kwenye simu?"

Kaka aliiangalia simu kama alivyokuwa akiiangalia balbu iliyozima, asijue imepoa au haijapoa. Akavuta pumzi, na badala ya neno ukatoka mluzi. Ule wa Tiketi, unaopanda kwa kuruka. Meno mawili ya mbele hana siku hizi, kwa hiyo farasi alikuwa anachechemea, lakini alifika kileleni.

Upande wa pili tulisikia ngurumo za mashine za kufulia, kisha mlango ukafungwa na ngurumo zikakoma.

"Nimesikia," Tiketi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mama mtu mzima. "Mwambie nimesikia. Lakini mimi nina jina. Alinipigia mluzi tangu utotoni mpaka nikawa mkubwa, na siku niliyohitaji maneno hakuwa nayo. Kama ananitaka aniite kwa mdomo wake. Aseme, 'Mwanangu, nilikukosea.' Ni maneno mawili tu hayo, namngoja."

Alingoja. Mimi niliiona saa ya ukutani, ilizunguka dakika nzima. Kaka alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Kisha aliisukuma simu kwangu kwa kidole kimoja, akageuza kiti kikaelekea ukutani.

Nikaichukua, nikazima sauti kubwa, nikaiweka sikioni. Nilikuwa na langu la kusema, na nikalisema. "Mwanangu, na mimi nilisikia siku ile. Mashine ilikuwa imezimwa. Nilisikia vizuri kabisa."

"Najua, baba mdogo," alisema taratibu, bila hasira. "Baba nilijua atakana. Namjua, ndiye aliyenizaa. Siku ile sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa nakutazama wewe."

Akakata simu.

Kaka hakugeuka. Aliuliza akiwa ameelekea ukutani: "Amesemaje?"

Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya, sikusikia vizuri.